Injini ya Boti: Kubwa Si Lazima Iwe Bora

Parokia zilizoko visiwani na kandokando ya Ziwa Victoria hutegemea boti kwa mambo mengi: kumpeleka mgonjwa hospitali, kufikisha dawa zahanati, na kuwatembelea waamini wa vigango vya mbali. Ndiyo maana kamati nyingi huandika maombi ya injini, na wafadhili huombwa kuigharimia. Mara nyingi ombi hutaja nguvu za farasi tu. Katika makala haya tunaeleza kwa nini hilo peke yake halitoshi.

Anzeni na boti yenyewe

Boti nzito ya mbao husukuma maji mbele yake, na ina kikomo cha mwendo kinachotokana na urefu wake. Boti ya namna hiyo yenye urefu wa mita 8 majini hufikia kikomo kwenye kilomita 12 au 13 hivi kwa saa. Ikifungwa injini kubwa zaidi, tezi huzama, omo huinuka na mawimbi huongezeka, lakini mwendo huongezeka kidogo tu. Boti nyepesi ya faiba yenye sakafu bapa ni tofauti: ikipewa nguvu ya kutosha hupanda juu ya maji na kukimbia.

Kwa makadirio ya kawaida, injini inayochanganyiwa oili kwenye petroli hula kama nusu lita kwa saa kwa kila farasi mmoja, ikiendeshwa kwa nguvu zote. Injini ya farasi 15 basi hula lita 7 au 8 kwa saa, na ya farasi 40 hula kama lita 20. Kwa boti nzito inayobeba watu na mizigo, tofauti hiyo ni fedha inayomwagwa ziwani. Injini huombwa mara moja, lakini petroli hununuliwa kila safari. Zipo boti zilizokaa ufukweni si kwa kuharibika, bali kwa kukosa mafuta.

Propela ina namba zake

Propela, ambayo wengine huiita pangaboi, huandikwa namba mbili kwa inchi. Ya kwanza ni upana wa duara lake. Ya pili ni hatua, yaani umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama isingeteleza majini. Hatua ndefu hufaa boti nyepesi ya kasi. Hatua fupi hufaa boti nzito, kama vile gia ndogo inavyofaa lori lililopakia likipanda mlima.

Injini mpya mara nyingi huja na propela ya boti nyepesi. Ikifungwa kwenye boti nzito, injini huelemewa: haifikii mizunguko yake, hujaa masizi, na huchakaa mapema. Isitoshe, Ziwa Victoria liko mita zipatazo 1,130 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani, na injini hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake.

Kipimo chake ni rahisi. Pakieni mzigo wa kawaida, chagueni siku tulivu, mwendeshe kwa nguvu zote, na fundi asome kipima mizunguko. Tuseme kitabu cha injini kinataka mizunguko 4,500 hadi 5,500 kwa dakika, nanyi mmepata 4,200 kwa propela ya hatua ya inchi 12. Kila inchi moja ya hatua ikipunguzwa, mizunguko huongezeka kwa 150 hadi 200. Propela ya inchi 9 itawafikisha panapotakiwa.

Pimeni tezi

Injini ndogo huuzwa kwa mguu mfupi wa sentimita 38 hivi au mrefu wa sentimita 51 hivi. Pimeni kimo cha tezi, kuanzia injini inapokaa hadi chini ya boti. Bapa lililo juu ya propela likae sawa na sakafu ya boti au chini yake kidogo. Likiwa juu mno, propela huvuta hewa na boti hukosa nguvu kwenye mawimbi.

Kabla ya kutuma ombi

Tunawaomba wanakamati waandike mambo haya: urefu na aina ya boti, kimo cha tezi, mzigo wa kawaida, umbali wa safari, lita za petroli kwa mwezi na nani atazilipia, na fundi aliye karibu mwenye vipuri vya injini hiyo. Ombeni pia propela ya akiba na pini zake. Msumari usitumike badala ya pini: pini imewekwa ikatike propela inapogonga jiwe, ili gia zisivunjike. Wafadhili nao, msione haya kuuliza maswali hayo kabla ya kutoa. Mgonjwa aliyelazwa ndani ya boti hahitaji injini kubwa kuliko zote. Anahitaji ile itakayowaka na kumfikisha ng'ambo.