Namna ya Kupunguza Daraja za Kijivu

Hospitali ya Bugando, ile iliyo juu ya kilima hapa Mwanza, ilifunguliwa mwaka 1971. Mwaka ule ule, huko London, mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya kichwa kwa mashine ya CT iliyobuniwa na Godfrey Hounsfield. Leo mashine za namna hiyo zatumika hata kwetu, na yafaa tujue hesabu iliyomo ndani yake.

Picha ya CT ni nukta nyingi, na kila nukta ni namba. Maji ni 0, hewa ni −1000, na mfupa mgumu waweza kupita 1000. Ili kuondoa namba za chini ya sifuri, tuongeze 1024 kwa kila namba. Kwa kawaida kila nukta huandikwa kwa biti 12, nazo hutoa daraja 4096 za kijivu. Lakini picha ya kawaida ya simu huwa na biti 8, yaani daraja 256 tu. Je, 4096 zitaingiaje katika 256?

Njia ya kwanza ni kugawanya kwa 16 na kuacha baki. Tuseme ini ni 1084, na uvimbe uliomo ndani yake ni 1074. Gawanya: ini ni 67, na uvimbe pia ni 67. Basi uvimbe umetoweka machoni!

Njia ya pili ni kuchagua sehemu tuitakayo, kama mtu afunguaye dirisha upande mmoja wa nyumba. Tuchague kuanzia 950 hadi 1205, kisha tutoe 950. Sasa ini ni 134 na uvimbe ni 124. Daktari aweza kuutambua. Lakini kila kilicho chini ya 950 kimekuwa cheusi kabisa, na mapafu yamo humo. Kila kilichozidi 1205 kimekuwa cheupe kabisa, na mifupa migumu imo humo.

Kwa hiyo kila njia hupoteza kitu, na maji yakimwagika hayazoleki: ukipewa 67 peke yake, huwezi kujua ilitoka katika namba ipi kati ya zile 16. Mgonjwa apelekwaye hospitali nyingine asichukue picha ya simu tu. Na aombe faili lenyewe la asili, ili daktari wa huko afungue dirisha lake mwenyewe.