Istiqlal: Msikiti Uliopewa Jina la Kujitawala

Neno istiqlal ni la Kiarabu, na maana yake ni kujitawala kwa taifa. Sisi Waswahili twasema uhuru, neno litokalo katika hurr ya Kiarabu, yaani mtu asiye mtumwa. Waindonesia nao husema merdeka, lililotumika zamani kwa mtumwa aliyeachwa huru. Lakini walipojenga msikiti wa taifa mjini Jakarta, waliuita Istiqlal.

Rais Sukarno aliweka jiwe la msingi tarehe 24 Agosti 1961. Rais Suharto aliufungua tarehe 22 Februari 1978. Mahali pale palikuwa na ngome ya Waholanzi, katika bustani iliyoitwa kwa jina la malkia wao Wilhelmina. Kuba lina upana wa meta 45, kuwa ukumbusho wa mwaka 1945, Waindonesia walipotangaza kujitawala.

Basi hapa pana swali. Ikiwa uhuru ni wa watu wote, mbona jina lake limepewa nyumba ya dini moja, hata ikiwa ni dini ya walio wengi? Je, Mkristo wa Indonesia ni mgeni katika uhuru wa nchi yake?

Jibu la kwanza ni mchoraji. Katika mashindano ya mwaka 1955 alishinda Friedrich Silaban, Mprotestanti wa kabila la Wabatak. Jibu la pili ni mahali. Mohammad Hatta, aliyekuwa Makamu wa Rais, alipendelea penginepo. Sukarno alishikilia pale pale, karibu na kanisa kuu la Wakatoliki, lililowekwa wakfu mwaka 1901.

Lakini ujirani wa kuta si undugu wa watu. Bomu lililipuka msikitini mwaka 1999, na kanisa kuu nalo lilishambuliwa kwa mabomu usiku wa kuamkia Krismasi mwaka 2000. Hata hivyo, siku ya Krismasi Wakatoliki huweka magari yao katika uwanja wa msikiti. Tena imechimbwa njia chini ya ardhi kuunganisha nyumba hizo mbili, nayo yaitwa Silaturahmi, maana yake kuunga undugu. Mlangoni pake walisimama pamoja Papa Fransisko na Imamu Mkuu Nasaruddin Umar tarehe 5 Septemba 2024.

Kwa hiyo tuonapo taifa likijenga nyumba kubwa ya ibada, tusiulize urefu wake tu. Tuulize nani walishiriki kuijenga, na jirani asiyesali humo hupokewaje mlangoni.