“Nataka kwenda kuishi porini”: sentensi moja na maana zake nne

Sentensi hii husikika sana kati ya wanafunzi, hasa kipindi cha mitihani, umeme unapokatika usiku wa tatu mfululizo na mwenye nyumba anapobisha hodi kudai kodi: “Nimechoka na mji, nataka kwenda kuishi porini.” Anayesema hivyo hutaka ukimya, hewa safi na siku zisizo na simu. Lakini ipeleke sentensi hiyo Fizi au Walikale, uitamke mbele ya mama aliyewahi kukimbia vita usiku na watoto mgongoni. Hatafikiri juu ya hewa safi. Atajiuliza unakwenda kujiunga na kundi gani.

Makala haya yanaeleza sababu ya tofauti hiyo. Hoja yetu ni kwamba tamaa ya kuiacha jamii na kwenda kuishi peke yako mbali na watu inategemea wazo kuwa pori ni mahali patupu, pasipo mwenyewe. Maneno yetu, yakichunguzwa, hayakubaliani na wazo hilo. Na jambo hili si la kamusi peke yake, kwani hapa nchini wapo watu waliopoteza makao yao kwa sababu ya utupu ambao haukuwapo.

1. Maneno yanasema nini

Tuanze na neno “mwitu”. Lina maana ya msitu, lakini leo tunalikuta zaidi likifuata jina la mnyama: mbwa mwitu, nguruwe mwitu, paka mwitu. Neno la mahali limegeuka kuwa sifa ya kiumbe asiyefugwa. Kifaransa kilipita njia hiyo hiyo, maana “sauvage” linatokana na neno la Kilatini “silva”, yaani msitu. Kiingereza kilianzia upande mwingine: ndani ya “wilderness” mmefichwa mnyama wa mwitu, hivyo mahali pamepewa jina la viumbe wake. Katika lugha zote tatu msitu umewekwa ng’ambo ya pili ya kile kinachofugwa na kutawaliwa.

Upande wa mji nao una maneno yake. “Ustaarabu” limetoka katika kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kuwa kama Mwarabu. “Utamaduni” ni ndugu wa “madina”, yaani mji. Kwa hiyo Mswahili anaposema “ustaarabu” au “utamaduni”, maneno yake yana kumbukumbu ya pwani na ya mji wa mawe, hata kama yeye mwenyewe amezaliwa Kolwezi. Haishangazi basi kwamba kumwita mtu “wa porini” ni tusi.

Mfano ulio wazi zaidi ni “nyika”. Waswahili wa pwani ya Kenya waliwaita majirani zao wa bara “Wanyika”, watu wa nyika. Jina hilo lilikuwa la dharau, na wenyewe walikuja kulikataa. Katika miaka ya 1940 walishika jina la Mijikenda, yaani miji tisa. Tutazame vizuri kilichotokea hapo. Mahali ambapo wageni waliona vichaka, wenyeji walihesabu makao tisa. Ardhi ni ile ile. Kilichobadilika ni nani anayeipa jina.

Kuna pia neno “ukiwa”. Hutumika kwa mahali palipohamwa na watu, na pia kwa huzuni ya aliyefiwa au kuachwa, ambaye huitwa mkiwa. Msemaji wa Kiswahili hupata shida kuutamani ukiwa, kwa kuwa neno lenyewe linaomboleza. Kutamani kukaa pasipo na watu, kwa neno hilo, ni karibu na kutamani msiba.

2. Walioondoka kweli

Tamaa hii ina historia inayojulikana vizuri nchini Marekani, na vijana wengi wanaoisema leo wameipata huko, kwa vitabu au kwa filamu. Henry David Thoreau alihamia kibanda kando ya ziwa la Walden tarehe 4 Julai 1845, akakaa miaka miwili na miezi miwili. Kitabu chake kilitoka mwaka 1854. Wengi husahau kwamba kiwanja kilikuwa cha rafiki yake, Ralph Waldo Emerson, kwamba reli ilipita karibu na ziwa, na kwamba Thoreau alikuwa akitembea kwenda kijijini Concord mara kwa mara. Katika kitabu hicho hicho anaeleza habari za watu walioishi kabla yake katika msitu ule, miongoni mwao Weusi waliowahi kuwa watumwa. Walden haikuwa tupu. Ilikuwa mahame ya watu ambao mji haukuwapa nafasi.

Wa pili ni Christopher McCandless. Alimaliza chuo kikuu mwaka 1990, akatoa akiba yake kwa shirika la kupambana na njaa, akakata mawasiliano na wazazi wake. Mnamo Aprili 1992 aliingia peke yake katika pori la Alaska. Alipotaka kutoka mwezi wa saba alikuta mto umefurika, akarudi nyuma. Mwezi wa nane alikufa, akiwa amekonda kwa kukosa chakula. Alikuwa na miaka 24, umri wa wengi tunaoandika katika jarida hili. Mwandishi Jon Krakauer alisimulia maisha yake katika kitabu cha mwaka 1996, na filamu ikafuata mwaka 2007.

Kwa mwanaisimu, jambo la kuangalia ni nyumba aliyofia. Ilikuwa basi bovu lililoachwa huko na watengeneza barabara. Hata pale alipodhani ameishia ulimwengu wa watu, alilala ndani ya kitu kilichotengenezwa na watu, na waliomkuta walikuwa wawindaji. Katika siku zake za mwisho aliandika pembeni mwa kitabu alichokuwa akisoma kwamba furaha bila mwenzako haikamiliki. Hakuhitaji kufundishwa neno “ukiwa”. Alikuwa amefika ndani yake.

3. Kuingia msituni

Turudi kwetu. Katika Kiswahili cha mashariki mwa Kongo, kama katika nchi jirani, “kuingia msituni” au “kwenda porini” kuna maana ya kushika silaha. Wapiganaji wa Mau Mau waliingia katika misitu ya Kenya miaka ya 1950. Uganda ilikuwa na vita vya msituni kuanzia 1981 hadi 1986. Hapa kwetu Laurent-Désiré Kabila aliendesha maisha ya msituni katika milima ya Fizi kwa miaka mingi tangu miaka ya 1960. Kifaransa tunachosomea kina neno linalofanana: “maquis”, ambalo kwanza ni vichaka vya Corse, kisha likawa jina la mapambano ya siri.

Maana nyingine imezaliwa upande wa pili wa vita hivyo. “Tulilala porini” husemwa na waliokimbia, na katika sentensi hiyo hamna hiari. Kinachosikika ni mvua, malaria na mtoto anayezibwa mdomo asilie.

Maana hizi mbili zinatofautiana na ya Thoreau kwa jambo moja: hakuna anayeingia porini kwa sababu hapana watu. Mpiganaji anaingia ili arudi mjini na madaraka. Mkimbizi anaingia akingoja siku ya kurudi nyumbani. Kwa wote wawili pori ni njia tu.

4. Pori lenye wenyewe

Maana ya nne ni ya zamani zaidi. Kwa Wachokwe wa Lualaba, na kwa majirani zao kadhaa, wavulana hupelekwa mukanda, kambi iliyojengwa nje ya kijiji. Hutengwa na mama zao, hutahiriwa, hufundishwa, na vinyago hutoka kuwalinda. Siku ya mwisho hurudi kijijini kwa ngoma, wakiwa watu wazima, na kambi huchomwa moto. Kitendo hicho cha mwisho kina maana kubwa: nyumba ya porini inateketezwa ili asiwepo wa kubaki. Mtu alitolewa katika jamii ili arudi akiwa na nafasi kubwa zaidi ndani yake.

Wambuti wa Ituri nao wanaishi msituni bila kuiacha jamii yoyote. Colin Turnbull, katika kitabu chake cha mwaka 1961, alieleza jinsi wanavyouita msitu baba na mama. Lugha zao zinaongeza ushahidi ambao wanafunzi wa idara yetu wataupenda. Waefe husema lugha iliyo karibu sana na Kilese, Waasua wana lugha ya ukoo wa Kimangbetu, na wengine husema aina ya Kibira. Watu wasiokutana na wengine hawapati lugha kwa namna hiyo. Ndani ya matamshi na msamiati wao mna karne nyingi za kubadilishana nyama na ndizi, asali na chuma, na za kuoana. Hata katikati ya msitu mkubwa kabisa wa Afrika, hatuoni mtu wa peke yake. Tunaona majirani.

5. Neno likigeuka kuwa sheria

Mwaka 1872 Marekani ilitenga Yellowstone kuwa hifadhi ya taifa. Washoshone waliokuwa wakiishi na kuwinda humo waliondolewa katika miaka iliyofuata. Sheria ya nchi hiyo ya mwaka 1964 inafafanua pori kuwa mahali ambapo binadamu ni mgeni asiyebaki. Tusome ufafanuzi huo kwa makini: kwa maana hiyo ya kisheria, “kuishi porini” ni kauli inayojipinga yenyewe. Anayeishi humo amekwisha kulifanya lisiwe pori, au amekwisha kuvunja sheria.

Wazo hilo lilifika kwetu mapema. Hifadhi ya Albert, ambayo leo ni Virunga, iliundwa mwaka 1925, na ni ya kwanza ya aina yake barani Afrika. Kahuzi-Biega ilifuata mwaka 1970, na katika miaka hiyo Wabatwa waliokuwa wakiishi humo walifukuzwa bila ardhi nyingine. Msitu ulitangazwa kuwa wa asili, na watu waliokuwa sehemu ya asili hiyo wakawa wavamizi. Sheria ya tarehe 15 Julai 2022 imetambua haki za Wambilikimo nchini, na mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kwamba haki za Wabatwa wa Kahuzi-Biega zilivunjwa. Umbali kati ya 1970 na 2024 ni miaka 54. Mtoto aliyetolewa msituni mgongoni mwa mama yake sasa ana wajukuu.

Hatusemi kwamba sokwe na okapi wasilindwe. Tunasema kwamba anayeandika “pori tupu” juu ya mahali penye makaburi na mizinga ya nyuki ya watu ameanza kazi ya kuwaondoa kabla askari hajafika.

6. Basi tuseme nini?

Tamaa ya mwanafunzi aliyechoka ni ya kweli na haistahili kuchekwa. Ila lugha inaweza kumsaidia kujua anataka nini. Akitaka muda bila macho ya watu, neno lipo: faragha. Akitaka ukimya, lipo: utulivu. Akitaka udongo na jasho lenye matunda, aseme shamba, kama wanavyosema wakazi wengi wa Lubumbashi ambao kila msimu wa mvua hutoka mjini kwenda kulima mahindi na kurudi jioni. Akitaka kubadilika, mukanda unamfundisha kwamba kutengwa kuna mwisho, na kwamba wapo wanaomngoja. Hakuna hata moja kati ya haya linalodai nchi isiyo na watu.

Kwa wafasiri wa kitivo chetu kuna kazi moja ya wazi. Tunapokutana na neno la kigeni la aina hii, tuulize kwanza mahali panapotajwa ni pa nani, ndipo tuchague kati ya msitu, nyika, pori, jangwa na mahame. Mahame, kutoka “kuhama”, ndilo sahihi mara nyingi kuliko tunavyodhani. Linakiri kwamba kabla ya ukimya huo kulikuwa na moto wa jikoni, na linamlazimu msomaji kuuliza wenyewe wamekwenda wapi.