Kuzamia Bila Kulowa

Mita 110 chini ya bahari, karibu na kijiji cha Xlendi katika kisiwa cha Gozo, Malta, imelala shehena ya mitungi na mawe ya kusagia iliyozama na chombo cha Wafoinike yapata miaka 2,700 iliyopita. Sona iliigundua mwaka 2007. Kina hicho si mchezo: mzamiaji hukaa chini dakika chache tu, kisha hupanda kwa saa kadhaa, akisimama njiani ili gesi iliyoyeyuka katika damu yake itoke taratibu bila kufanya mapovu. Waliofika huko kwa miili yao wanahesabika.

Lakini mwenye simu na bando anaweza kuizunguka shehena hiyo kwa kidole. Tangu 2020, Chuo Kikuu cha Malta na washirika wake wamefungua makumbusho ya mtandaoni ya meli na ndege zilizozama kandokando ya visiwa hivyo.

Kazi yote hufanywa na picha, tena nyingi. Kamera hupita juu ya eneo mstari kwa mstari, kama mtu anayelima matuta, kila picha ikipandana na iliyotangulia. Programu hutafuta alama moja, tuseme ufa kwenye shingo ya mtungi, katika picha zilizopigwa kutoka pembe mbalimbali, kisha hukokotoa mahali ulipo ufa huo. Alama zikifika mamilioni, umbo zima hujitokeza. Taabu ni mwanga. Maji humeza rangi nyekundu kwanza. Mzamiaji akijikata huko chini, damu yake huonekana ya kijani! Lazima ashuke na taa.

Wengi huona haya ni burudani ya wasiojua kuogelea. Mimi naona faida kubwa iko kwingine. Kuchimba ni kuharibu: mtungi ukishainuliwa haurudi ulivyolala, na kulala huko ndiko kunakoeleza shehena ilivyopakiwa na chombo kilivyoegemea kilipotua. Umbo la kidijitali huuhifadhi mpangilio huo hata mitungi ikihamia kabatini.

Mombasa nako kuna kaburi la meli. Mwaka 1697, Waomani wakiwa wameizingira Ngome ya Yesu, manowari ya Kireno Santo António de Tanna ilizama mbele ya ngome hiyo. Wanaakiolojia waliichimba kati ya 1977 na 1980. Vitu walivyovitoa vimo katika makumbusho ya ngome. Mbao za kiunzi zimeachwa baharini. Ukichungulia kutoka ukutani unaona maji tu, na ngalawa zikipita juu yake.