Kihisi Kibovu Humaliza Petroli

Gari likizidisha ulaji wa petroli na taa ya injini ikawaka, huenda kihisi cha oksijeni kimechoka. Kihisi hicho, kilichoanza kutumika katika magari mwaka 1976, hukaa kwenye bomba la moshi na kuiarifu kompyuta iongeze au ipunguze petroli.

Kwanza bomba likaguliwe, maana tundu linalovuja huleta dalili zizo hizo. Injini ikishapoa, waya hasi wa betri uondolewe, kisha kihisi kifunguliwe, kwa kawaida kwa spana ya milimita 22. Kipya kizungushwe kwanza kwa mkono, meno yake yasije yakaharibika. Ncha yake isiguswe na mafuta.

Injini ijaribiwe uwanjani, kamwe si bandani: moshi wake huua.