Nakshi ya Kioo na Sahani ya Kombe



Majuma machache yaliyopita tuliletewa suali na mama mmoja wa Ganjoni. Binti yake amejifunza kuunganisha vipande vya kioo kwa moto na kutengeneza sahani, naye ana mkono mzuri wa hina. Sasa ataka kuzitia sahani hizo nakshi nyembamba: majani, vikuba vya asumini, na aya. Mama auliza vipi nakshi hiyo itashika isifutike, na je, sahani yenye aya yafaa kuandikiwa kombe? Tumeona jawabu lake lawahusu wengi, basi twaliandika hapa.

Kioo hakinywi rangi. Ukutani rangi hupenya, kitambaani hupenya, lakini juu ya kioo hukaa tu, na ukucha waweza kuibandua. Ndiyo sababu mafundi hutumia rangi ambayo yenyewe ni kioo: unga laini wa kioo uliochanganywa na madini yatiayo rangi, ukakorogwa kwa maji na gundi ya Kiarabu, au kwa mafuta. Miongoni mwa mafuta hayo ni ya karafuu, kwa kuwa hukauka polepole na kumpa mchoraji nafasi ya kukamilisha mstari wake. (Nani angedhani kuwa dawa ya jino ya bibi zetu ingepata kazi hii?) Unga huo ukitiwa motoni huyeyuka, ukawa kitu kimoja na kioo kilicho chini yake.

Wanaoanza hukosea katika mpango wa kazi. Vipande huunganishwa kwa moto mkali, takriban digrii 800 za Selsiasi, mpaka vishikamane. Mtu akichora maua yake kabla ya moto huo, mstari mwembamba huweza kutawanyika au kufifia, na baadhi ya rangi, hasa nyekundu, huungua. Basi nakshi huja mwisho. Sahani kwanza huunganishwa, hupozwa polepole na kusafishwa mafuta yote ya vidole, ndipo huchorwa. Kisha hurudishwa tanurini kwa moto mdogo zaidi, aghalabu kati ya digrii 550 na 680 kwa kutegemea rangi. Moto huo watosha kuyeyusha unga, wala hautoshi kulegeza sahani. Maelezo yaliyo juu ya chupa ya rangi yafuatwe kuliko maneno yetu. Wala binti asichanganye kioo cha dirisha na cha chupa katika sahani moja, kwani kila kioo hutanuka kwa kadiri yake, na sahani yaweza kutoka tanurini ikiwa nzima kisha ikapasuka yenyewe kabatini.

Mkono wa hina ni mtaji mkubwa hapa. Awezaye kuvuta mstari wa piko kwenye kidole cha bibi harusi bila kusita amekwisha kupata nusu ya kazi. Tofauti ni kuwa hina hupendeza ikiwa nene, ilhali rangi ya kioo ikirundikwa hutoa mapovu au hubanduka baada ya moto. Hutiwa nyembamba, hata mara mbili au tatu, na kila mara ikachomwa. Kosa likitokea kabla ya kuchoma, ncha ya sindano hukwangua rangi iliyokauka. Wengine hukwangua kwa kusudi, ili mishipa ya jani ionekane penye mwanga.

Kazi hii si ngeni kwa Waislamu. Katika karne ya 13 na ya 14, mafundi wa Misri na Sham walitengeneza taa za misikiti za kioo kwa kupuliza, kisha wakaziandika kwa rangi hii ya unga na kwa dhahabu, na kuzirudisha motoni. Shingoni mwa taa nyingi mna Aya ya Nuru, ya 35 katika Surat an-Nur, itajayo taa na kioo chake, kwa herufi za buluu zilizozungushiwa mstari mwekundu mwembamba. Taa kadhaa za msikiti wa Sultan Hassan wa Cairo, ulioanza kujengwa mwaka 1356, zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu mjini humo. Nao waliwaza vyema mahali pa kuiweka aya: juu, penye mwanga, mbali na mikono na chakula.

Hapa kwetu Kenya, Nani Croze na mafundi wa Kitengela, karibu na Nairobi, wamevitumia tena vioo vikuukuu kwa miaka mingi, kwa hivyo si lazima kila kipande kitoke ng'ambo. Lililo ghali ni tanuri. Asiyelipata aweza kuchora kwa rangi baridi nyuma ya kioo, picha ikatazamwa kwa mbele, kama wafanyavyo Senegal. Lakini maandishi yatabidi kuandikwa kinyume, na hiyo ni taabu nyingine.

Suali la pili ndilo zito. Kombe, yaani aya zilizoandikwa kwa zafarani sahanini zikaoshwa kwa maji ya waridi na kunywewa na mgonjwa, wanazuoni wamehitilafiana juu yake, nasi hatuliingii hilo leo. Twasema na yule anayelitumia. Rangi nyingi za moto mdogo zina madini ya risasi, ambayo ndiyo huziwezesha kuyeyuka mapema, na nyingi za nyekundu na manjano zina kadimiamu. Vitu vikali kama ndimu, ukwaju na siki huivuta risasi ikaingia chakulani. Shirika la Afya Duniani limesema hakuna kiwango cha risasi kijulikanacho kuwa salama. Hudhuru akili ya mtoto, na humfikia hata aliye tumboni. Na anayenyweshwa kombe mara nyingi ni mtoto. Jawabu letu ni hapana: sahani hiyo isiandikiwe kombe, wala isipakuliwe chakula. Kwa kombe, sahani nyeupe isiyo na nakshi yatosha, kama ilivyowatosha wazee wetu.

Na unga wenyewe usikorogwe jikoni, wala mbele ya watoto, wala na mama mjamzito. Binti avae barakoa, na meza aipanguse kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia.

Kuhusu aya, twamnasihi ajifunze kwa maua kwanza. Sahani za mwanafunzi hupasuka, na kipande chenye jina la Allah hakitupwi jaani. Hufukiwa mahali safi pasipokanyagwa. Mkono ukishatulia, aandike aya, na sahani itundikwe ukutani au iwekwe katika kidaka. Kabla ya kuichoma, ageuze nyuma aandike kwa rangi ileile: ya pambo, si ya chakula. Hata mjukuu atakayeirithi atayasoma maneno hayo.