Jamaa asiyeona rangi vizuri aliyechora pampu ya maji ya Paris

Wadau, mtu akitaja Paris wengi tunawaza mnara wa Eiffel. Huo ulikamilika 1889. Leo tuangalie picha ya nyuma zaidi, ya 1852, ambayo haina mnara huo wala wapenzi walioshikana mikono. Ina mbao, maji na mtambo. Inaitwa La Pompe Notre-Dame, yaani Pampu ya Notre-Dame, kazi ya Mfaransa Charles Meryon.

Mtambo wenyewe ulisimama ndani ya mto Seine juu ya nguzo za mbao, ubavuni mwa daraja la Notre-Dame, tangu karne ya 17. Mkondo wa mto ulizungusha magurudumu, magurudumu yakaendesha pampu, maji yakapanda juu mnarani, halafu yakashuka kwa mabomba hadi sehemu za kuchotea maji mitaani. Umeme hakuna. Na ndiyo, mto ulikuwa uleule walikofulia nguo na kumwaga uchafu. Watu waliyanywa hivyohivyo!

Sasa Meryon. Alizaliwa 1821, akawa afisa wa jeshi la majini, akasafiri mpaka New Zealand. Alipoachana na bahari alitaka kuwa mchoraji, lakini macho yake yalikuwa hayatofautishi rangi sawasawa. Akahamia kwenye kazi isiyohitaji rangi, ya kuchora kwa tindikali.

Inakuwa hivi. Unachukua bamba la shaba, unalipaka nta. Unachora kwa sindano, nta inatoka pale ulipopita. Ukilitumbukiza kwenye tindikali, inakula sehemu zilizo wazi tu, mistari inageuka vijifereji. Unatoa nta, unapaka wino, unafuta juu, wino unabaki mle ndani. Weka karatasi yenye unyevu, pitisha kwenye mashine ya kukandamiza, picha hiyo. Ila inatoka imegeuka, kushoto kuwa kulia, kwa hiyo fundi anachora kinyume. Jaribu kuandika jina lako kinyume uone kazi!

Minara ya kanisa la Notre-Dame kwa nyuma ameirefusha makusudi, akisema ndivyo akili inavyoiona. Lakini nguzo za pampu, hizo mbao chakavu ambazo hakuna tajiri angetundika sebuleni, kazichora moja moja kwa heshima zote.

Mwaka 1853 Haussmann akapewa madaraka ya kuijenga Paris upya, mitaa ya zamani ikabomolewa. Pampu nayo ikavunjwa Meryon akiwa bado hai. Picha zake aliuza kwa bei ya kutupa. Baudelaire alimsifu 1859, ila kufikia hapo jamaa alikuwa ameshalazwa kwa maradhi ya akili. Alifia hospitali ya Charenton, 1868.

Nakala zipo British Museum, London, na Metropolitan, New York. Hao wa New York wanaruhusu kushusha bure picha za kazi zisizo na hakimiliki. Ukiipata, vuta karibu pale chini, penye giza katikati ya nguzo.